Siku Niliyosema Mwalimu Ana Mambo ya Shamba

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mwenyewe mtakiri kwa niaba yangu na mtaongeza chumvi: ni kweli niliwahi kumfanya mwalimu wa watu asimame mbele ya kijiji asubuhi peupe na kumwaga siri ya maisha yake, na ni kweli kwamba wakati huo mimi nilikuwa nafanyiwa mtihani, na ni kweli kwamba mtihani wenyewe ulikuwa wa kutunza siri. Chekeni tu. Mke wangu amecheka miaka yote hii na bado tunaishi naye vizuri.

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na sita, likizo ya Agosti, huku kwetu juu ya Roret. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya ukarani kwenye banda la kununulia majani ya chai kwa miaka minane, kupima vikapu vya watu na kuandika, mpaka jina langu la ubatizo likasahaulika na hata watoto wangu wakawa wanaitwa watoto wa Karani. Kisha ndugu yangu Kibet akafa kwa pombe ya chang'aa. Tulikuwa tumempigia kelele, tumemfungia mlango, tumemfanyia maombi ya siku tatu, lakini sikumbuki hata siku moja ambapo mmoja wetu alikaa naye chini akamuuliza polepole, wewe Kibet, ilianza namna gani? Nilipomzika nilijua sitaweza kuendelea kupima majani kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikasikia kuna chuo cha kanisa pale Kericho mjini kinachofundisha watu kuwashauri walevi, Ijumaa na Jumamosi, mwaka mzima. Nikaacha ukarani. (Mama yangu alidhani nimerogwa.)

Sasa kusoma ushauri nasaha ukiwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita si mchezo. Tulifundishwa kusikiliza, jambo nililodhani nalijua kwa kuwa nina masikio mawili, kumbe sijui. Tulifundishwa kurudisha maneno ya mtu: anasema jambo, wewe unamwambia, “Nasikia ukisema kwamba…” halafu unamrudishia lile alilosema ili ajisikie. Nilifanya mazoezi kwa kila aliyenikaribia. Kuna asubuhi mke wangu alinikuta zizini nikimwambia ng'ombe, “Nasikia ukisema kwamba nyasi ya leo haijakufurahisha,” akarudi jikoni bila neno.

Mwisho wa masomo, kupata cheti, ilikuwa lazima mkufunzi aje akuone ukiongea na mlevi halisi, si mwanafunzi mwenzako anayeigiza. Akae kando na faili, asiseme neno lolote mpaka mmalize, kisha aamue. Sista wa zahanati yetu alikuwa ameniwekea nafasi ya kazi mwaka huo, akaniambia wazi kwamba bila cheti hawezi kunichukua, na ukarani wangu ulikuwa umeshapewa mtu mwingine. Kwa hiyo mjue nilivyokuwa nimeshika roho mkononi.

Mlevi wangu alikuwa Mwalimu. Nitamwita hivyo tu. Alifundisha shule yetu ya msingi, akaongoza kwaya ya kanisa, shati jeupe kila siku, na kama ungeniambia miezi sita kabla kwamba anakunywa ningekuambia umekosa adabu. Alinijia mwenyewe jioni moja, akasimama kwenye ua wangu akauliza habari za ng'ombe, za mahindi, za mvua, ng'ombe tena, kisha akasema, “Karani, hiyo kitu unasomea… mtu anaweza kuja?” Tukawa tunakutana kila Alhamisi kwenye chumba cha nyuma cha zahanati. Mkewe alidhani anakwenda kupanga nyimbo za kwaya. Wiki ya kumi na moja, ile ya mtihani wangu, alikuwa amekaa siku tisa bila kuonja, siku tisa, na alizitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Wiki moja kabla yake nilikuwa nimemwomba akubali mkufunzi aje kutusikiliza. Akasema, “Mtu mmoja. Yeye peke yake. Mama yangu asijue, mke wangu asijue, kwaya isijue. Niahidi.” Nikamwahidi, nikampa mkono, nikajiona mshauri kamili.

Siku yenyewe, Alhamisi, mkufunzi wangu Madam Nafula alifika saa tatu asubuhi, mama mnene mpole kutoka upande wa Bungoma, amevaa suti ya bluu, na kiatu kimoja tayari kimejaa matope. Tukaenda zahanati. Tukakuta ni siku ya chanjo. Akina mama wamejaa mpaka nje, watoto wanalia, na kile chumba chetu cha nyuma kimejaa masanduku ya dawa na muuguzi mmoja mkali. Nyumbani kwangu kulikuwa na wageni wa mke wangu. Kwa Mwalimu, hapana. Ndipo nikakumbuka banda langu la zamani la majani. Haikuwa siku ya kununua chai, na mbele yake kuna nyasi nzuri, hakuna mtu. Zahanati wakatuazima kiti cha Madam, mimi na Mwalimu tukakaa kwenye nyasi, Madam akafungua faili, akachukua kalamu, akaanza kuandika.

Ninyi mnaotoka huku tayari mmeshaliona kosa, nawaona mnavyotabasamu. Watu wazima wamekaa kwenye nyasi, mmoja kwenye kiti anaandika, mwingine ameinamisha kichwa: kwetu hicho ni kikao cha kokwet, baraza la kijiji, na hapo kesi inasikizwa. Na kesi kwetu si ya watu wawili. Mtu akipita akaona kesi, hapiti. Atasalimia kila mmoja kwa mkono, atakaa, atauliza ni ya nini, kwa sababu kesho anaweza kuitwa shahidi na itakuwa aibu aseme alipita tu. Nimezaliwa hapa, nimekaa kwenye vikao hivyo tangu nikiwa na kaptura, na bado nilipowaketisha watu wangu pale sikuona chochote isipokuwa mtihani wangu.

Tulianza vizuri. Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi siku ya saba ilivyokuwa ngumu, mimi nikarudisha maneno yake taratibu, nikaona Madam anaitikia kwa kichwa kidogo na kuandika, nikawaza, Karani, cheti ni chako. Hapo hapo nikasikia salamu yetu, “Chamgei!” na Mzee arap Tonui huyo, koti refu, rungu mkononi. Akamsalimia Madam, akamsalimia Mwalimu, akanisalimia mimi, akakaa.

“Basi,” akasema, “hii kesi ni ya nini?”

Na hapa ndipo palipokuwa na ule uamuzi mdogo unaonifanya niwasimulie mkasa huu. Nilijua jibu. Nilikuwa nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari: mtu akikuuliza habari ya mteja wako, mwambie huwezi kumwambia. Lakini anayekuuliza akiwa ni Mzee arap Tonui, rika la baba yako, aliyesimama kando ya kaburi la ndugu yako, utafungua kinywa umwambie huwezi kumwambia? Nilimtazama Mwalimu, macho yalikuwa yamemtoka. Nikamtazama Madam, anaandika. Nikasema, “Aa, Mzee, ni mambo kidogo tu ya shamba. Tunamaliza sasa hivi.”

Mzee akasema kwa matamshi ya wazee wetu, “Aa, ya shampa,” akainuka, akajipangusa, akaondoka bila kuuliza tena. Nikavuta pumzi. Nilijipongeza, jamani! Nikamgeukia Mwalimu nikamwambia, “Ulikuwa unasema, siku ya saba.”

Kumbe Mzee hakuondoka kwa sababu ameridhika. Aliondoka kwenda kuita watu wanaojua mipaka.

Baada ya dakika kama kumi na tano walianza kuja, wazee wanne wa mwanzo, kisha ndugu wawili wa Mwalimu wakiwa wamefungwa plastiki ya kuchumia chai kiunoni, kisha majirani, kisha akina mama wa chanjo na watoto wao mgongoni maana zahanati si mbali na habari ilikuwa imefika. Kila mmoja alitusalimia kwa mkono. (Madam Nafula alipokea salamu karibu arobaini siku hiyo, mkono wa kushoto umeshika faili.) Na habari ilikuwa imekua njiani. Ilipofika kwetu ilikuwa hivi: Mwalimu anauza shamba la chai kwa siri, mwenye kununua ni huyo mama wa suti kutoka mjini, na Karani ndiye anayeandikisha. Hata niwalaumu vipi? Wanaume wangapi walikuwa wameuza kipande cha ardhi bila mke kujua, mke akaja kushtuka anaona mtu mgeni anapima kwa miguu yake shamba alilolipanda mke mwenyewe?

“Madam,” ndugu mkubwa akamwambia kwa heshima, “pole kwa safari, lakini hii shamba haiuzwi.”

Madam, ambaye kwa sheria ya mtihani haruhusiwi kusema, alimtazama tu, akaandika.

“Hata hajibu! Anaandika tu!”

Mimi nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka najificha uso hata nikiwa peke yangu. Nikasimama, nikafungua mikono kama tulivyofundishwa, nikawaambia watu wazima wa kijiji changu, “Nasikia mkisema kwamba mna hasira.”

Mzee arap Tonui akanitazama kwa huruma. “Hapana, Karani. Hatusemi tuko na hasira. Tunasema hii shampa haiuzwi.”

Nikajaribu kusema hakuna shamba linalouzwa. Wakauliza, basi ni mambo gani ya shamba? Nikasema si shamba hasa. Wakauliza, basi ni nini? Nikanyamaza. Na mtu aliyesema ya shamba kisha akasema si ya shamba kisha akanyamaza, huyo hata mimi ningemshika shati.

Mama yake Mwalimu alikuwa amefika, tukimwita Kogo sote, yaani nyanya, mzee sana, akaketishwa kwenye nyasi akivuta pumzi. Mwisho akaja mke wa Mwalimu, Mama Cherono. Alikuwa ametoka kuchuma, kikapu bado mgongoni na majani ndani, alikuwa amekimbia, na viganja vyake vyeusi kwa utomvu wa chai. Watu walimpisha. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alipiga magoti mbele ya mume wake na kumuuliza kwa sauti ndogo, “Baba Cherono, na watoto?”

Mwalimu alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi tangu siku hiyo lakini sijatazamwa hivyo tena. Alikuwa ananingoja. Aliamini kwamba mimi niliyesoma, niliyempa mkono, nina neno la kusema. Na mimi sikuwa na neno, wallahi nilitafuta kichwani sikupata hata moja, maana neno la kweli lingekuwa siri yake na neno la uongo nilikuwa nimeshalitumia.

Basi akasimama. Alifunga kifungo cha juu cha shati lake, kama anavyofanya kabla ya kwaya kuanza.

“Hakuna shamba inauzwa,” akasema. “Karani amewadanganya, na amewadanganya kwa sababu yangu. Mimi nakunywa pombe. Si kidogo. Nakunywa asubuhi kabla ya shule, nakunywa nikitoka. Chupa iko kwa ghala ya mahindi. Kila Alhamisi nakuja kwa Karani anisaidie kuacha, na huyu Madam si mnunuzi, amekuja kuangalia kama Karani anajua kazi. Leo ni siku ya tisa sijakunywa. Ni hiyo tu.”

Ungesikia watoto wakilia kule kwenye chanjo. Mama Cherono alikuwa bado amepiga magoti, na uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo, akaanza kutikisika, nikadhani analia, kisha nikaona analia na kucheka pamoja. “Aki ya Mungu,” akasema, “kumbe ni pombe! Na mimi nimekimbia hivi nikijua hatuna pa kulala!” Akamshika mume wake miguu yote miwili, akamshika tu, majani yakimwagika kutoka kwenye kikapu.

Kogo naye akainua mkono. “Hiyo ya pombe, mimi nilijua,” akamwambia mtoto wake. “Siku nyingi nilijua. Nilikuwa nafikiria ni wewe hujui.”

Mwalimu akakaa chini na kufunika uso wake. Nami nitawaambia ukweli, nililia. Nilimlilia Mwalimu na nikamlilia Kibet, ambaye labda naye alijua siku zote na sisi tukawa tunampigia kelele za kumjulisha.

Mngedhani iliishia hapo kwa uzuri. Thubutu. Kokwet ikishakaa, kila mtu lazima aseme lake, kwa hiyo wazee wanne, ndugu wawili na mama mmoja ambaye hata hakuwa wa kijiji chetu walimpa Mwalimu ushauri mmoja baada ya mwingine, anywe maziwa ya mursik asubuhi, aoge maji baridi, atembee njia ya juu asipite kwa mama wa chang'aa, na yote niliyofundishwa kwamba usimwambie mlevi hata moja yaliambiwa mbele ya mkufunzi wangu kwa zaidi ya saa nzima. Kisha Mzee arap Tonui akavua kofia, akaomba, akawaombea Mwalimu na nyumba yake, akamwombea na “huyu mama ya Bungoma arudi salama,” na watu wakaenda zao.

Madam Nafula alifunga faili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake tangu saa tatu.

“Umeanguka,” akasema.

“Najua, Madam.”

“Watu kuja si kosa lako sana. Mahali umekosea ni pale mzee amekuuliza. Ulikuwa na maneno mawili tu ya kusema, siwezi kukwambia, na uliogopa asikuone huna adabu. Ukaokoa adabu yako, yeye akalipa.” Alisema bila ukali, akanishika bega. Kisha akaomba maji ya kuosha viatu.

Nilikaa siku tatu sitoki nyumbani. Siku ya nne nikajikaza nikaenda kwa Mwalimu kuomba msamaha. Nilimkuta shambani akichuma chai na mkewe, yeye mstari mmoja, mkewe mstari wa pili. Mama Cherono aliponiona alisema anakwenda kuangalia sufuria, akatuacha.

Nikamwambia yote. Nikategemea, kwa kweli nilitegemea, atasema hakuna shida Karani, imekuwa heri, maana kijijini watu walikuwa wakisema hivyo, kwamba imekuwa heri.

“Umenikosea,” akasema. Aliendelea kuchuma. “Hiyo siku ya kuwaambia nilikuwa nimeichagua mwenyewe. Nilikuwa nataka nifike mwezi mmoja kwanza, halafu niende kwa jikoni ya mama, sisi wawili, nimwambie. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Wewe ukanichukulia hiyo siku.”

Sikurudisha maneno yake. Sikusema nasikia ukisema. Nilisimama tu katikati ya chai nikasema, “Ni kweli. Nimekukosea.”

Akatupa majani kwenye kikapu. Akachuma vichaka viwili vitatu, polepole, mimi nimesimama nikifikiri nimefukuzwa na sijui namna ya kuondoka.

“Alhamisi utakuwa huko?” akauliza.

“Mwalimu, sina cheti. Nimeanguka.”

“Sijakuuliza cheti. Nimeuliza kama utakuwa huko.”

Nilikuwa huko. Nilifika saa nzima mapema, nikafagia kile chumba cha nyuma, nikafunga dirisha, na alipokuja tulianza na siku ya kumi na sita. Alianguka, akanywa tena, mara mbili kabla ya Krismasi, na mara zote mbili Mama Cherono alikuja mwenyewe kuniambia tarehe. Mimi kazi ya zahanati niliikosa mwaka huo, nikalima, nikafanya mtihani tena mwaka uliofuata chumbani, mlango umefungwa na mke wangu amekaa nje kwenye kizingiti. Nikapita.

Na tangu hapo nimeapa. Aje mzee, aje chifu, aje mchungaji, aje mama yangu mzazi aniulize, yule mtoto wa fulani anakuja kwako kufanya nini, ninamtazama usoni na kumwambia siwezi kukuambia. Masikio huwa yananiwaka moto kila mara. Mama yangu alikaa wiki mbili haniongeleshi. Nikamwacha akasirike.